Mguu Unaobana Ukitembea: Tiba ya Mishipa ya Damu Iliyoziba
Kijitabu cha kaya za Kisangani

Kama kigimbi kinakubana kila ukitembea umbali uleule, kisha kinaachia ukisimama dakika chache, usiseme haraka kwamba ni uzee au rimatisme. Maumivu yanayokuja kwa mwendo na kuondoka kwa kupumzika ni dalili ya ateri za miguu kuwa nyembamba. Mafuta na chokaa vimejikusanya kwenye kuta zake. Damu inayopita inamtosha aliyekaa kitini, lakini haimtoshi anayetoka Mangobo kwenda sokoni na beseni kichwani.

Wanaopatwa zaidi ni wavutaji wa tumbako, wenye sukari, wenye tansio na waliovuka miaka 50. Mwenye sukari ajihadhari mara mbili: neva za miguu zikifa ganzi hasikii maumivu yoyote, na dalili ya kwanza inaweza kuwa kidonda kisichopona. Kidole kikianza kuwa cheusi, mtaani husemwa amekanyaga dawa ya mtu. Siku zinazopotea kumtafuta mchawi ndizo zinazoukata mguu.

Muuguzi anapima nini?

Atatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Kisha presha ya kifundo hugawanywa kwa presha ya mkono. Mkono ukiwa 140 na kifundo 84, jibu ni 0.6, na jibu lolote la 0.9 au chini yake linaonyesha ugonjwa. Kwa mwenye sukari wa miaka mingi ateri huwa ngumu kama mfupa, kipimo kikadanganya kwa kupanda juu mno. Huyo aangaliwe pia vidole.

Tiba inayoanzia nyumbani

Kwanza, tumbako iachwe yote: sigara, kiko, ugoro. Kupunguza hakutoshi.

Pili ni kutembea. Watu hushangaa: mguu unauma, halafu daktari anasema tembea! Lakini ndiyo tiba iliyothibitishwa vizuri kuliko nyingi. Chagua njia tambarare, asubuhi kabla ya jua kali. Tembea mpaka maumivu yawe ya wastani, simama yapoe, endelea tena. Fanya hivyo kwa dakika 30 hadi 45, mara tatu kwa wiki au zaidi, kwa miezi mitatu bila kukata. Mishipa haizibuki, misuli hujifunza kutumia damu iliyopo, na umbali unaongezeka. Mwenye toleka mlangoni ajitahidi kuiacha siku hizo. Ila mwenye kidonda, au mguu unaouma hata akiwa amelala, asianze mazoezi haya kabla ya kuonana na daktari.

Tatu, vidonge. Daktari anaweza kuandika aspirini ya miligramu 75 au 100 kwa siku, au klopidogreli 75, pamoja na dawa ya kushusha lehemu kama atovastatini, na dawa za tansio na sukari kwa anayezihitaji. Aspirini ya 500 inayouzwa barabarani kwa kichwa siyo hiyo, na kwa mwenye vidonda vya tumbo inaweza kumwaga damu. Vidonge hivi hunywewa hata siku mguu hauumi, kwa sababu mtu mwenye mishipa mibovu miguuni mara nyingi anayo pia moyoni na kichwani. Kinachowaua wengi wao ni moyo na kiharusi kuliko mguu wenyewe.

Miguu itazamwe kila jioni, hata katikati ya vidole; asiyeona vizuri atazamwe na mtoto. Usiikande kwa maji ya moto, usiiweke karibu na mbabula, usichanjwe wembe. Matope ya mvua zetu yaoshwe, miguu ikaushwe, viatu visibane.

Hospitalini

Maumivu ya usiku yanayopungua ukining'iniza mguu kando ya kitanda, au kidonda cha zaidi ya wiki mbili, yanahitaji daktari wiki hiyohiyo. Ateri inaweza kupanuliwa kwa puto dogo na kuwekewa kibomba cha waya, au damu ikapitishwa njia nyingine kwa kutumia mshipa uliotolewa mguuni mwako. Kazi hizo zinataka mashine na mabingwa wasiopatikana katika kila hospitali, hivyo familia iulize mapema: wapi, na kwa gharama gani? Kukata mguu ni kwa sehemu iliyokwisha kufa au uambukizo unaotishia uhai. Ikifikia hapo, kuchelewa huongeza kinachokatwa.

Dharura

Mguu ukibadilika ghafla, ukawa baridi, mweupe, wenye maumivu makali, ganzi au usioweza kusogea, usisubiri kuche. Misuli huanza kufa ndani ya saa sita hivi. Walio Lubunga wakubaliane tangu leo nani ataamshwa mwenye mtumbwi, na pesa ya kuvuka itatoka wapi.