Mchicha wa Kwenye Ndoo na Somo la Kungoja



Leo tunajifunza kwenye bustani, ila usiwaze shamba. Uwanja wetu hapa Chamazi, wilaya ya Temeke, una hatua sita kwa nne, na humo humo kuna tanki la maji na kamba ya kuanikia nguo. Nilipoanza sikuwa mkulima, wala sikuwa na ndoto ya kilimo. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimetuma maombi ya kazi mpaka hesabu imenipotea. Asubuhi mama akishatoka kwenda kwenye biashara yake, mimi nabaki kitandani. Waliopitia hapo wananielewa: kinachouma siyo mfuko mtupu peke yake, ni kuamka ukijua hakuna kitu chochote leo kinachokuhitaji.

Jirani yetu, mama mmoja wa jumuiya, alinipa mbegu za mchicha kwenye kifuniko cha chupa. "Mwanangu, jaribu hata kwenye ndoo mbovu."

Basi nikatafuta ndoo mbili zilizopasuka na viroba vitatu. Toboa matundu chini ili maji yasituame, na usitumie kabisa chombo kilichowahi kubeba dawa ya sumu. Udongo wa huku kwetu ni mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio, kwa hiyo mbolea ni lazima. Mimi huchanganya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi ya kuku iliyooza vizuri. Ikiwa bado inanuka na ina joto, iache kwanza, maana mbichi inaunguza mizizi. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, hivyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kumwaga, la sivyo zitaota zimesongamana sehemu moja. Funika kwa udongo kidogo tu, halafu tandaza nyasi kavu juu mpaka zichipue. Siku ya pili nikawakuta sisimizi wanazibeba mbegu zangu mstari mmoja, kama wanahama nyumba! Jirani akanipa majivu ya jikoni, nikanyunyiza pembeni, wakapungua.

Halafu ukafika wakati mgumu, yaani kusubiri.

Ndugu zangu, siku nne za kutazama udongo ni ndefu. Humwagilii zaidi ili iote haraka, maana ukizidisha inaoza. Huwezi kufukua kuona imefikia wapi. Jioni ile nikafungua Injili ya Marko 4:26-29. Ule mfano mfupi haupo katika Injili nyingine yoyote, na mahubiri mengi huuruka kwenda kwenye haradali inayofuata. Mpanzi akishamwaga mbegu anaendelea na maisha yake, analala usingizi wake, na huku chini kazi inaendelea ambayo yeye haielewi. Nilikuwa nimeusikia tangu mafundisho ya Kipaimara, ukapita tu. Safari hii niliusoma nikiwa na udongo kwenye kucha. Yesu hakumwita yule mtu mvivu kwa kulala. Amefanya sehemu yake, iliyobaki siyo yake.

Asubuhi ya tano nikaona vijani vyembamba kama uzi. Nilipiga kelele peke yangu uwanjani, mwenye nyumba akachungulia dirishani kuuliza kuna nini!

Tangu hapo nilikuwa naamka saa kumi na mbili kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyenilazimisha. Maji tunanunua kwa ndoo, kwa hiyo niliyatunza yale ya kuoshea mchele na mboga, na miche ikayapenda. Maji ya visima vya chumvi nisingeyaweka kwenye miche michanga. Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si', wa tarehe 24 Mei 2015, aya ya 211, anataja mambo madogo kama haya haya: kutopoteza maji, kutumia tena vitu, kupanda miti. Nilipousoma mara ya kwanza nilidhani ni waraka wa viongozi wa dunia. Kumbe hata ndoo yangu imo.

Na siyo suala la kiroho tu. Sisi wa Dar tunajua minong'ono kuhusu mboga za bonde la Msimbazi, mto unaopokea maji machafu ya viwanda na majumbani. Simlaumu anayelima pale, naye anatafuta riziki. Ila mboga ya uwanjani kwako maji yake unayajua mwenyewe.

Wiki ya nne nilivuna. Mama alirudi jioni amechoka, ameshika kitunguu na nazi, akauliza mboga nimenunua wapi. Nikamwonyesha ndoo. Hakusema kitu, akaanza kukuna nazi. Baadaye shangazi alipopiga simu nilimsikia jikoni akisema, "Leo tunakula mchicha wa mwanangu." Kazi sijapata mpaka leo ninapoandika. Lakini Jumapili iliyofuata, padre alipoinua mkate wakati wa vipaji, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba ule mkate umetoka ardhini na pia mikononi mwa watu, vyote viwili kwa pamoja.

Ukitaka kuanza wiki hii na huna hata hela ya mbegu, anza na matembele. Omba vipande vya mti wake, urefu wa shibiri moja na nusu, toa majani ya chini, zika nusu kwa kulaza kidogo, na uvipe kivuli siku za mwanzo. Baada ya kama mwezi unachuma, na ukichuma vizuri yanachipua tena. Huku Chamazi, Mbagala, mpaka Bunju, sijaona bado jirani aliyemnyima mtu vipande vya matembele.