JE, UNGEZALIWA THAILAND UNGEOKOKA?



Baada ya mkutano mmoja kijana alinifuata nyuma ya jukwaa akaniambia: "Mwinjilisti, wewe umeokoka kwa sababu umezaliwa hapa. Ungezaliwa Thailand si ungekuwa Mbudha tu?" Nilikosa la kusema. Usiku ule sikulala.

Ndugu yangu, swali lile si la mzaha. Thailand, zaidi ya watu 90 katika kila 100 ni Wabudha. Saudi Arabia, karibu raia wote ni Waislamu. Mwaka 2006 mwanafalsafa Stephen Maitzen aliuliza hivi: kama Mungu yupo na anataka wote wamjue, mbona wanaomwamini Mungu mmoja wamejaa Saudi Arabia, na Thailand ni wachache? Hata Isaya alisema Mungu hujificha (Isaya 45:15). Basi tusiwatukane wanaouliza.

Sasa sikiliza mambo matatu.

1. RAMANI INAHAMA. Yale makanisa saba ya Ufunuo yalikuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, na leo Wakristo huko ni wachache mno. Korea, wamisionari wa Kiprotestanti walianza kukaa huko mwaka 1884. Sensa ya Korea Kusini ya 2015 ilikuta zaidi ya robo ya watu ni Wakristo. Imani haioti yenyewe kwenye udongo, jamani! Inakwenda kwa miguu ya watu (Warumi 10:14-15). Pengine habari haijafika kwa sababu sisi tumekaa tu.

2. MUNGU HAKUMNGOJA MMISIONARI. Wazee wangu wa Uchagani walimwita Mungu Ruwa kabla Biblia haijafika kwao. Paulo aliwaambia Waathene kwamba Mungu hayuko mbali na mtu yeyote (Matendo 17:26-27). Na wasio na sheria wanayo dhamiri (Warumi 2:14-15). Babu wa babu yangu alikufa hajasikia jina la Yesu. Hilo linaniuma. Namwacha mikononi mwa Hakimu asiyedhulumu mtu (Mwanzo 18:25).

3. WEWE UMESIKIA. Kuzaliwa karibu na kanisa si kuokoka, kama vile kukaa pwani si kujua kuogelea. Mtu wa Thailand ataulizwa kwa nuru aliyopewa, na wewe kwa yako. Usimfanye yeye kichaka chako. Leo anayejificha ni nani, Mungu au wewe?

Kama bado una mashaka, omba hata hivyo: "Mungu, kama uko karibu nami, nataka kukujua. Nisamehe dhambi zangu kwa damu ya Yesu. Amina."

Kisha tafuta watu waliookoka, uwaulize maswali yako yote, usiogope. Yule kijana sikumwona tena. Kama ni wewe unayesoma karatasi hii, njoo tuongee. Safari hii sitanyamaza.