Uchaguzi wa Matairi ya Pikipiki ya Safari Ndefu

Pikipiki iwapo barabarani hugusana na ardhi mahali pawili tu, na kila mahali pa mgusano hapazidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Kani zote zinazoiendesha, zinazoisimamisha na zinazoipindisha kwenye kona hupitia katika viganja hivyo viwili vya mpira. Tairi moja la gari likipoteza mshiko, matatu yaliyobaki huweza kulishikilia. Pikipiki haina akiba ya namna hiyo. Kwa hiyo kubadili matairi yaliyokwisha si ununuzi wa kawaida, bali ni uamuzi wa kiufundi unaohusu maisha ya dereva na abiria wake.

Makala haya yanaeleza namna ya kufanya uamuzi huo kwa aina moja ya pikipiki, nayo ni ile iliyoundwa kwa safari ndefu za kasi kwenye lami, yenye injini kubwa, kioo cha kukinga upepo na masanduku ya mizigo ubavuni. Mfano utakaotumiwa ni Yamaha FJR1300, iliyoanza kuuzwa Ulaya mwaka 2001. Hata hivyo, kanuni zenyewe zaihusu kila pikipiki, hata ile ndogo ya kubebea abiria mitaani.

Mpira laini na mpira mgumu

Mpira mbichi hulainika na kunata wakati wa joto, na hukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huwa imara na hunyumbuka vizuri. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Tangu wakati huo watengenezaji wamekabiliwa na tatizo moja: mpira laini hushika barabara vyema lakini huisha upesi, na mpira mgumu hudumu lakini hushika kidogo.

Tairi la mashindano hutengenezwa kwa mpira laini sana, nao hufanya kazi yake barabara pindi upatapo joto jingi. Msafiri apitaye katika mvua na baridi ya asubuhi hawezi kulipatia tairi joto hilo. Hivyo tairi lililosifiwa uwanjani laweza kumtelezesha barabarani. Matairi ya safari hutengenezwa kwa namna nyingine. Mara nyingi mpira wake huchanganywa na silika, ambayo huongeza mshiko juu ya lami yenye maji. Aidha, mengi yana mpira wa aina mbili: mgumu katikati, ambapo tairi husagika wakati pikipiki inakwenda wima, na laini pande zote mbili, ambapo tairi huegemea katika kona.

Kusoma ubavu wa tairi

Tairi la mbele la pikipiki ya mfano wetu huandikwa 120/70 ZR 17 (58W), na la nyuma 180/55 ZR 17 (73W). Maana yake ni hii:

1. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita.

2. Namba ya pili ni kimo cha ubavu, kikiwa asilimia ya upana huo. Kimo cha tairi la mbele ni milimita 84, na cha tairi la nyuma ni milimita 99.

3. Z huonyesha kwamba tairi ni la mwendo wa kasi sana. R huonyesha kwamba nyuzi za ndani hutoka ukingo mmoja kwenda mwingine kwa njia ya mkato, badala ya kupishana kwa mshazari. Muundo huo hupunguza joto linalozalishwa ndani ya tairi.

4. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

5. Namba iliyo kabla ya herufi ya mwisho ni alama ya uzito: 58 ni kilo 236, na 73 ni kilo 365.

6. Herufi ya mwisho ni alama ya kasi: W ni kilomita 270 kwa saa.

Kwa njia hiyo hiyo, tairi la pikipiki ndogo lililoandikwa 3.00-18 52P lina upana wa inchi 3, huvaa rimu ya inchi 18, hubeba kilo 200, na halipaswi kuzidi kilomita 150 kwa saa.

Alama ya uzito hupuuzwa na wengi, ilhali hesabu yake ni nyepesi. Pikipiki yetu, ikiwa na mafuta, ina uzito wa karibu kilo 290. Tuseme dereva ana kilo 75, abiria kilo 75, na mizigo ni kilo 30. Jumla ni kilo 470. Ikikadiriwa kwamba gurudumu la nyuma hubeba nusu ya uzito wa pikipiki, theluthi mbili za uzito wa dereva, na uzito wote wa abiria na mizigo, litabeba 145 + 50 + 75 + 30, yaani kilo 300. Tairi la alama 73 lina akiba ya kilo 65. Tairi la alama 66, ambalo kikomo chake ni kilo 300, halitakuwa na akiba yoyote, na pikipiki ikikanyaga shimo kikomo kitavukwa.

Ubavuni pia huwa na tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa. Kwa mfano, 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka kwa sababu ya hewa, joto na mwanga wa jua, hata kama tairi halijatumika. Tairi lililokaa miaka mingi dukani laweza kuwa na kashata nzima na huku mpira wake umekwisha kukakamaa.

Makosa ya kuepukwa

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba tairi pana zaidi hushika zaidi. Tairi pana likibanwa katika rimu nyembamba, umbo lake la duara hubadilika, na pikipiki huwa nzito kuingia kona. Vivyo hivyo, tairi la gari halifai, kwa kuwa uso wake ni bapa na halikuundwa kuegemea.

Kosa la pili ni kuchanganya mbele na nyuma matairi ya miundo tofauti bila idhini ya mtengenezaji. Ni bora yanunuliwe mawili yaliyoundwa pamoja, na mshale ulio ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu.

Kosa la tatu ni kupuuza upepo. Tairi lenye upepo pungufu hukunjwa na kukunjuliwa katika kila mzunguko, na nguvu ya kukunjwa huko hugeuka joto. Joto likizidi, matabaka ya tairi huanza kuachana, na tairi laweza kupasuka katikati ya safari. Upepo upimwe kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki.

Hatimaye, uso wa tairi jipya huwa laini na wenye kung'aa. Katika kilomita 160 za mwanzo dereva na aende kwa utulivu, asiegemee sana wala kufunga breki kwa ghafla, mpaka uso huo ukwaruzwe na lami.

Kwa ufupi, mnunuzi na aanze na kipimo kilichowekwa na mtengenezaji wa pikipiki, kisha alama za uzito na kasi, kisha tarehe, kisha aina ya mpira unaofaa barabara na hali ya hewa ya safari zake. Bei na sura vije mwisho. Tairi la bei nafuu lisiloweza kubeba abiria aliyepakiwa ni ghali kuliko yote.