Shehe, Padri na Hakimu: Nani wa Kumuuliza Nini Kuhusu Ndoa Yako

Kamati ya harusi hukutana miezi mitatu, wakati mwingine minne. Michango inaandikwa daftarini, ukumbi unalipiwa kianzio, sare za sendofu zinashonwa, na mshereheshaji anatafutwa mapema asije akachukuliwa na wengine. Ukiuliza kwenye kikao hicho nani amepeleka taarifa ya ndoa kwa msajili, au cheti kitaandikwa kwamba ndoa ni ya mke mmoja au ya wake wengi, watu hutazamana. Ndiyo maswali yanayorudi miaka kumi baadaye, mume anapofariki, nyumba inapotaka kuuzwa, au wawili wanapoachana.

Watu wengi huumia kwa sababu wamempelekea mtaalamu mmoja swali la mwingine. Shehe anajua nikaha inatimia vipi. Padri anajua sakramenti ya ndoa inataka nini. Hakimu anajua haki ambazo dola itazilinda. Kila mmoja yuko sahihi kwenye eneo lake, na jibu lake halichukui nafasi ya jibu la mwenzake. Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 (sasa ni Sura ya 29) inawahusu Waislamu, Wakristo, Wahindu, wanaofuata mila na wasio na dini. Zanzibar ina utaratibu wake, na mashauri ya ndoa za Waislamu huko husikilizwa na Mahakama ya Kadhi.

Je, ndoa ya bomani ni kubwa kuliko ya msikitini au kanisani? Hapana. Sheria inatambua ndoa ya kidini, ya kiserikali na ya kimila, na zote zina uzito mmoja. Cha kuangalia ni kama anayewafungisha ana leseni ya kufungisha ndoa, yaani kibali cha serikali kinachomfanya awe pia msajili. Mashehe, mapadri na wachungaji wengi wanayo. Ila siku hizi huduma mpya za kiroho zinafunguliwa kila mtaa, na si kila anayeziongoza ana kibali hicho. Mwombe akuonyeshe kabla hujalipia ukumbi. Si utovu wa adabu. Kiongozi mwenye leseni huitoa bila kinyongo.

Taarifa ya kusudio la kuoana hupelekwa angalau siku 21 kabla ya ndoa. Kwa Wakristo, matangazo ya kanisani hufanya kazi hiyohiyo ya kuwajulisha watu. Kwa ndoa ya kiserikali, nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ile tunayoiita bomani, au RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao ndio wenye rejesta kuu ya ndoa. Mtaandika majina, umri, makazi, na hali yenu: hujawahi kuoa au kuolewa, mjane, au mtalaka. Bwana mwenye mke tayari ataandika na majina ya wake alionao. Andaeni vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na picha ndogo. Mjane aje na cheti cha kifo, na mtalaka aje na amri ya talaka ya mahakama. Kama kuna haraka ya kweli, mnaweza kumwomba Msajili Mkuu leseni maalumu inayoondoa sharti la siku 21.

Siku hizo zimewekwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mke wa kwanza, kwa mfano, ana haki ya kupinga ndoa mpya akionyesha kwamba kwa kipato cha mume wake, kuongeza mke kutailetea familia dhiki. Wanawake wengi hawajui kwamba sheria imewapa nafasi hiyo.

Na gharama? Zitenganisheni fedha za aina tatu. Ada ya serikali ndiyo ndogo kuliko zote. Hulipwa kwa namba ya malipo utakayopewa ofisini, kupitia benki au simu, nawe unabaki na risiti; usimkabidhi mtu fedha taslimu mkononi. Ya pili ni mchango wa parokia, usharika au msikiti, unaotofautiana mahali na mahali, kwa hiyo uliza siku ya kwanza unapokwenda kujiandikisha. Ya tatu ni ya sherehe, na hiyo sheria haiidai hata senti. Wawili wenye mashahidi wawili na mfungishaji mwenye leseni wanaweza kuwa mume na mke kamili bila hata soda moja kufunguliwa. Nawaambia hili vijana wanaoahirisha ndoa mwaka baada ya mwaka kwa kukosa fedha za ukumbi.

Cheti kikishaandikwa, kisomeni palepale kabla ya kusaini. Majina yafanane herufi kwa herufi na vitambulisho vyenu, maana kasoro ndogo hapa huleta usumbufu mkubwa kwenye mirathi na bima ya afya. Kisha angalieni aina ya ndoa. Ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, na iliyofungwa kanisani kati ya Wakristo wawili haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanabaki katika imani hiyo. Ndoa ya Kiislamu au ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, isipokuwa ionyeshwe vinginevyo. Ndoa nyingine zikihitaji kugeuzwa, lazima mume na mke wote watamke kwa hiari yao mbele ya hakimu. Binti anayeahidiwa kwa mdomo kwamba atabaki peke yake anapaswa kuliona jambo hilo kwenye karatasi. Waliooana kimila bila msajili kuwapo wana siku 30 za kuomba usajili. Mkichelewa, ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo, lakini kuithibitisha bila cheti, wazee mliowatumia kama mashahidi wakiwa wameshatangulia, ni kazi nzito.

Mahari ndiyo inayozua ubishi mwingi. Muulize shehe: atakwambia mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya baba yake wala mjomba. Waulize wazee wa ukoo katika makabila mengi ya bara: watakwambia ni shukrani kwa familia iliyomlea, na kila mmoja ana fungu lake. Muulize mwanasheria: atakwambia ndoa iliyofungwa kwa kufuata sheria ni halali hata kama mahari haijakamilika. Majibu haya matatu yanaweza kukaa pamoja. Ng'ombe wawili waliobaki ni deni la heshima kati ya familia mbili. Hawampi baba mkwe mamlaka ya kumrudisha binti nyumbani na kutangaza kwamba hakuna ndoa.

Sasa tuje kwenye ndoa za sogea tukae. Vijana wawili wanapanga chumba kimoja Tandale au Mabatini kwa sababu kodi ni ghali, mtoto anazaliwa, miaka inapita. Misikiti na makanisa hayautambui muungano huo kuwa ndoa, na viongozi wa dini watawahimiza muurasimishe. Sehemu nyingi hufanya hivyo bila sherehe wala aibu, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora. Serikali nayo ina jibu lake. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawajua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana. Wanasheria huiita dhana ya ndoa. Wakiachana, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kugawa mali.

Tahadhari hapa ni kwamba dhana hiyo inaweza kupingwa. Miaka miwili peke yake haitoshi. Lazima majirani, ndugu na mjumbe wa mtaa waseme mliishi kama mume na mke. Na kama mmoja wenu alikuwa tayari kwenye ndoa ya mke mmoja na mtu mwingine, hakuna dhana itakayowaokoa. Kwa aliyeko ndani ya maisha hayo sasa, tunza ushahidi: mkataba wa pango wenye majina ya wote wawili, kadi ya kliniki yenye jina la baba, risiti za matofali na bati.

Mali huwaumiza zaidi wasiokuwa na mshahara. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Anayepika, anayelea na anayetunza wagonjwa amechangia. Vilevile nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, hata kama hati ina jina moja. Ukisikia tetesi za kuuzwa, wahi ofisi ya ardhi ukaweke zuio kabla mnunuzi hajalipa.

Je, talaka ya karatasi inatosha? Mume Mwislamu akimwandikia mkewe talaka, shehe anaweza kueleza hukumu yake kidini na siku za eda. Kisheria, mambo hayajaisha. Kwanza mnakwenda baraza la usuluhishi wa ndoa: lipo kwenye kata, na taasisi za dini kama BAKWATA na makanisa nazo zina mabaraza yanayotambuliwa. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ambayo wengi huijua kama Fomu Namba 3. Talaka ikitolewa baada ya hati hiyo, mahakama huichukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kabisa, kisha hutoa amri. Mpangilio huo una maana kubwa, kwa hiyo anzeni barazani. Hati isizidi miezi sita mnapofungua shauri, na Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nanyi inaweza kulipokea. Ndoa ambayo haijafikisha miaka miwili inahitaji ruhusa ya mahakama kwanza. Aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko hahitaji kupita barazani.

Kwa Mkatoliki hali ni tofauti. Amri ya hakimu hugawa mali na kupanga malezi ya watoto, lakini haimpi ruhusa ya kufunga ndoa nyingine kanisani. Swali hilo ni la mahakama ya Kanisa jimboni, inayochunguza kama ndoa ilikuwa halali tangu mwanzo. Aanze kwa paroko wake.

Kuna mahali pamoja ambapo sikubali ushauri wa kuvumilia, hata utoke kwa nani. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Anayepigwa aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, apate fomu ya PF3 na kutibiwa. Mazungumzo ya wazee yanaweza kusubiri. Na kuhusu umri, sheria ya 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, hata 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Kumwoa mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30.

Usiyeweza kulipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa sheria za msingi wanaotoa ushauri bure. Ulizia ofisi ya kata au ustawi wa jamii ya wilaya wakuelekeze kwa aliye karibu. Mashirika kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, nayo husaidia bila malipo. Nenda na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi za nyumba au kiwanja. Kama huna hata kimoja, nenda hivyohivyo, ukiwa na majina ya majirani wawili wanaowafahamu tangu mlipoanza kuishi pamoja.