Dhiki ya Nafsi na Athari Yake Mwilini: Somo kwa Wanaosomea Uuguzi

Katika somo la leo twapenda kusema na vijana wetu, wa kike na wa kiume, wanaosomea uuguzi. Wazazi nao na wasikilize, kwani jambo lenyewe halichagui nyumba. Twataka kubainisha ya kwamba dhiki ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa msongo wa mawazo, si uvivu, wala si upungufu wa imani, wala si lazima iwe jini. Ina njia yake mwilini, na muuguzi asiyeijua njia hiyo atapepea moshi na moto auache.

Tuchukue mfano wa Kimana, mji mdogo wa Kajiado ulio katika barabara ya Emali na Loitokitok, karibu na mlima Kilimanjaro. Huko kuna chemchemi, mashamba ya nyanya na vitunguu, na malisho ya Wamaasai. Na ndovu wa Amboseli hupita papo hapo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, sehemu kubwa za Kenya zilizo kavu, Kajiado ikiwamo, zilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi. Na kwa mfugaji ng'ombe si nyama na maziwa tu. Ndiye mahari, ndiye karo ya mtoto, ndiye heshima yake mbele ya wenziwe.

Sasa tuseme mzee aliyepotewa na zizi zima aja zahanati. Hasemi ya kwamba ana huzuni. Husema kichwa chamgonga, moyo wamwenda mbio, chakula hakipiti, na usiku hukesha. Muuguzi mwenye haraka humpa vidonge vya maumivu, kisha humwita mgonjwa wa pili. Je, amemtibu?

Haya, natutazame yanayopita mwilini. Mtu akikutana na ndovu njiani, ubongo huziamrisha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo humwaga katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi huzidi, sukari huongezeka katika damu, misuli hukazana, na tumbo hupunguza kazi yake. Yote hayo ni rehema, kwani humwezesha mtu kukimbia au kujitetea. Ndovu akienda zake, mwili hutulia.

Lakini deni haliendi zake kama ndovu. Hulala na mtu na kuamka naye, na mwili hubaki katika hali ya vita. Daktari Hans Selye wa Montreal, Kanada, alieleza mwaka 1936 daraja tatu za hali hii: kwanza mshtuko, pili kustahimili, tatu kuishiwa na nguvu. Dhiki ikidumu, presha huweza kupanda, usingizi hukatika, kinga ya mwili hupungua, kisukari huwa kigumu kutuliza. Na kwa upande wa akili, mtu husahau, hukasirika upesi, na hushindwa kukata shauri.

Hata hivyo tusipite mpaka. Zamani vidonda vya tumbo vilidhaniwa kuwa ni matunda ya fikira. Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia wakagundua kijidudu ambacho ndicho chanzo cha vingi katika vidonda hivyo. Basi muuguzi asiseme "ni mawazo tu" kabla mgonjwa hajapimwa.

Habari hizi si ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliyaweka matibabu ya mwili na ya nafsi katika kitabu kimoja, kwani kila kimoja huugua kwa ugonjwa wa mwenziwe.

Basi muuguzi na afanye haya. Kwanza, apime presha, sukari na homa. Pili, amkalishe mzee faraghani na kumwuliza kwa adabu: "Mzee, walala vipi? Ni lipi likusumbualo zaidi?" Kisha anyamaze, asikilize. Tatu, amweleze kwa maneno mepesi kwa nini moyo wamwenda mbio, amfundishe kuvuta pumzi polepole, na amsihi asijitenge na watu wake wala asitafute usingizi katika pombe. Nne, akimsikia asema haoni faida ya kuishi, asimwache peke yake hata kidogo, bali amfikishe kwa daktari.

Na muuguzi mwenyewe ni mwanadamu. Mwaka 1995, huko Ohio, Marekani, wataalamu waliwalinganisha wanawake waliokuwa wakiuguza jamaa zao waliopotewa na akili kwa maradhi ya uzee, na wengine wasio na mzigo huo. Wote walitiwa kidonda kidogo cha namna moja. Vya wale wauguzaji vilikawia kupona kwa siku tisa hivi zaidi. Kwa hivyo usingizi, chakula na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni si anasa kwa muuguzi. Ni katika vyombo vya kazi yake.

Muuguzi hawezi kumrudishia mzee wa Kimana ng'ombe zake. Lakini aweza kumwondolea hofu ya kuwa amerogwa au ameingiwa na wazimu, na hilo si dogo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mwili hutulia ndovu akiondoka, na hautulii deni likibaki?
2. Kuna hatari gani kusema "ni mawazo tu" kabla ya kupima?
3. Katika nyumba yako, ni nani auguzaye wengine, naye huulizwa hali na nani?