SOMO LA ROBO HII: Michoro Inayomsaidia Mwanafunzi Kufikiri



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumzia madarasa, madawati na vyoo vya shule. Hayo yote ni ya lazima. Lakini mtoto anaweza kukaa kwenye dawati jipya, chini ya bati jipya, akanakili ubaoni tangu asubuhi hadi mchana, kisha akarudi nyumbani bila kuelewa alichonakili. Somo hili linahusu njia moja ya kupunguza hasara hiyo, yaani matumizi ya michoro na picha katika kufundisha na kujifunza. Gharama yake ni ndogo. Kinachotakiwa zaidi ni mwalimu aliyeelekezwa vizuri na kamati inayojua cha kuuliza.

Kwa nini jambo hili ni la haraka?

Tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa nchini Tanzania mwaka 2016, watoto wengi zaidi wameingia shuleni, na madarasa mengi yamefurika. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na vitabu vichache huona ni rahisi kuandika maelezo ubaoni ili yanakiliwe. Zaidi ya hapo, katika shule za msingi za serikali masomo kwa kawaida hufundishwa kwa Kiswahili, na mtoto akifika kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Si kwamba hawana akili, bali maneno yamewazidi. Mchoro mzuri humpa mtoto kitu cha kushika wakati maneno bado ni mageni.

Wazo hili si geni

Mwaka 1658, mjini Nuremberg, Ujerumani, kilichapishwa kitabu cha watoto kilichoitwa Orbis Sensualium Pictus. Mwandishi wake, Jan Amos Komenský, anayejulikana pia kama Comenius, alikuwa askofu wa Umoja wa Ndugu, jumuiya ambayo ni chimbuko la Kanisa la Moravian. Kanisa hilo lilifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891. Kila somo la kitabu hicho lilikuwa na picha. Vitu vilivyomo pichani viliwekewa namba, na namba hizo ziliunganishwa na maneno katika lugha mbili, Kilatini na Kijerumani. Mtoto aliona kitu, akakitaja kwa lugha aliyoijua, kisha akajifunza jina lake katika lugha ya shule. Mwalimu wa kidato cha kwanza anaweza kufanya vivyo hivyo leo. Achore jani, jua, maji na mishale kueleza usanisinuru, aweke namba, kisha kila namba iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Katika miaka ya 1970, Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walianza kutumia ramani za dhana. Hizi ni michoro yenye maneno makuu ndani ya visanduku, yaliyounganishwa kwa mistari. Juu ya kila mstari huandikwa neno linaloeleza uhusiano, kama vile "husababisha", "ni aina ya" au "huhitaji". Uhusiano huo ndio moyo wa mchoro. Mtoto anayejua maneno kumi lakini hajui yanavyohusiana bado hajaelewa somo.

Aina nne za kuanzia

1. Mduara wa hatua. Hufaa kwa mambo yanayojirudia. Mfano ni maisha ya mbu: yai, kiluwiluwi, pupa, kisha mbu kamili anayetaga tena. Wanafunzi wakishachora mduara, mwalimu aulize, "Tunaweza kuukata wapi?" Wataona wenyewe kwamba hatua tatu za kwanza hupita majini. Kwa kuwa safari hiyo huchukua wiki moja hadi mbili hivi, kutegemea joto, kumwaga maji yaliyotuama kila wiki huukata mduara kabla mbu hajaruka.

2. Miduara miwili inayopishana. Hufaa kwa kulinganisha. Chukua popo na ndege. Upande wa popo andika: huzaa, hunyonyesha, ana manyoya laini ya mnyama. Upande wa ndege andika: hutaga mayai, ana mdomo mgumu na manyoya ya ndege. Katikati, pale miduara inapopishana, andika: wana mabawa na damu yao ni ya joto. Mtoto aliyezoea kusema kwamba popo ni ndege kwa sababu anaruka ataona kosa lake bila kukaripiwa.

3. Mnyororo wa sababu na matokeo. Hufaa kwa historia. Kwa Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, visanduku vya kwanza vitakuwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi na kazi za shuruba. Mishale yake inaelekea kwenye chuki dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kisanduku kinachofuata ni imani katika dawa ya maji iliyounganisha makabila mbalimbali, kisha vita, kisha kuchomwa kwa mazao na vijiji, kisha njaa kubwa. Mwanafunzi aliyechora mnyororo huu anaweza kujibu swali la "kwa nini", si la "lini" peke yake.

4. Jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza: tunachojua. Ya pili: tunachotaka kujua. Ya tatu: tulichojifunza. Njia hii ilielezwa na Donna Ogle mwaka 1986. Humsaidia mwalimu kugundua mapema mawazo potofu waliyo nayo watoto.

Jambo la kuzingatia: nani anachora?

Hapa ndipo miradi mingi hupotea. Picha nzuri za kununua hufika shuleni, zikapigwa picha kwa ajili ya taarifa, kisha zikafungiwa katika ofisi ya mwalimu mkuu zisichafuke. Au mwalimu huchora vizuri sana ubaoni, na wanafunzi wakanakili kama walivyonakili maneno. Katika hali zote mbili mtoto hajafikiri.

Utafiti unatuonya vivyo hivyo. Mwaka 2011 Jeffrey Karpicke na Janell Blunt walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba wanafunzi waliosoma kisha wakajaribu kukumbuka bila kutazama walijifunza zaidi kuliko waliochora ramani ya dhana huku maandishi yakiwa mbele yao. Mwaka 2014 watafiti hao walionyesha kwamba ramani ikichorwa kwa kukumbuka, bila maandishi, nayo husaidia vizuri. Basi fundisho kwetu liko wazi: funga daftari kwanza, chora, kisha fungua na usahihishe. Mtoto akiona pengo katika mchoro wake ndipo hujua ni nini cha kurudia.

Vifaa vilivyo karibu

Viroba vya unga vilivyofuliwa na kukatwa hufanya chati zisizochanika upesi. Maboksi hutoa kadi za maneno, na vifuniko vya soda ni namba na alama. Kijiti na udongo uwanjani vinatosha kwa mduara wa mbu. Kwa mtoto asiyeona vizuri, bandika uzi au kamba juu ya mistari ili aipapase kwa vidole, na mwenzake amsomee maneno. Mchoro uwe na maneno machache na herufi kubwa. Mapambo yasiyohusu somo huvuta macho mbali na jambo lenyewe.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Kamati ikitembelea shule isihesabu mabango ukutani. Kwa ruhusa ya mwalimu, imwombe mwanafunzi mmoja au wawili wafunge daftari, wachore walichojifunza juma lile na waeleze kwa maneno yao. Lengo lisiwe kumwaibisha mtoto wala mwalimu, bali kuona kama somo limeingia.

Wafadhili nao tunawaomba wakubali taarifa zinazoeleza jambo hilo, hata kama hazina picha za kupendeza. Fedha inayomwezesha mwalimu kukaa siku mbili na walimu wenzake wakitayarisha michoro ya muhula mzima inaweza kuzaa matunda zaidi ya katoni ya mabango yaliyochapishwa mbali.

Maswali ya kujadili katika kikao

1. Katika shule iliyo karibu na parokia yetu, wanafunzi huchora wenyewe au hunakili tu?
2. Ni zana zipi tulizowahi kununua ambazo hazitumiki, na kwa nini?
3. Ni walimu gani wastaafu, mafundi au vijana wenye kipaji cha kuchora tunaoweza kuwaomba wasaidie?
4. Watoto wetu wanaojiandaa kuingia kidato cha kwanza wanaweza kupata wapi mazoezi ya michoro ya lugha mbili wakati wa likizo?

Tunawaomba kila kamati ichague aina moja tu ya mchoro kati ya hizi nne, ikubaliane na walimu kuijaribu kwa muhula mmoja, na iandike ilichokiona. Haba na haba hujaza kibaba.