SOMO LA KIKUNDI: GARIMOSHI DOGO LA MKONO, MNUNUZI ANALIPIA NINI?



Kuna kikundi kimoja cha mafundi wa bati ambacho huwa tunakitembelea. Ndani yake yuko mzee aliyefanya kazi katika karakana ya reli mpaka akastaafu. Mzee huyu alitengeneza garimoshi dogo kwa mikebe, vipande vya bomba na nyaya, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Mgeni mmoja aliliona, akalisifu, akatoa shilingi 1,500 na kuondoka nalo. Watu wakapiga makofi. Siku ya mkutano mweka hazina akauliza, "Mzee, ulitumia siku ngapi?" Mzee akahesabu kwa vidole. Siku 19. Nyumba nzima ikanyamaza.

Fanyeni hesabu wenyewe. Siku moja ya fundi yule iliuzwa kwa chini ya shilingi 80, na hapo bado hatujatoa gharama ya lehemu na rangi.

Vijana wa kikundi wakaja na wazo lingine. Wakasema, kama garimoshi lingetembea lenyewe kwa mvuke, ati bei ingepanda mara kumi. Mmoja wao alikuwa tayari ameanza kuunganisha boila ya bati ya mkebe. Tulimwomba asiwashe moto kwanza mpaka tujifunze pamoja jinsi biashara hii inavyokwenda kule ilikokomaa, yaani Uingereza.

Kule, magarimoshi madogo ya mvuke si michezo ya watoto. Jarida la Model Engineer lilianza mwaka wa 1898, na karibu wakati huohuo W. J. Bassett-Lowke wa mji wa Northampton akaanzisha biashara ya kuuza magarimoshi madogo na vipuri vyake. Tazameni alivyofanya. Michoro mingi alichorewa na mhandisi Henry Greenly, na magarimoshi mengi yalitengenezwa Ujerumani katika kiwanda cha Bing, mjini Nuremberg. Lakini jina ambalo Mwingereza alilijua na kulitafuta lilikuwa la muuzaji. Mpaka leo watu hununua vitu vya zamani kwa sababu ya jina hilo la Bassett-Lowke.

Mbali na viwanda, wako watu binafsi, wengi wao wastaafu, wanaojenga nyumbani kwenye kibanda nyuma ya nyumba wakiwa na mashine ya kukereza chuma. Katika miaka ya 1920 mwandishi mmoja aliyejiita LBSC alionyesha kwamba garimoshi dogo linaweza kuchoma makaa ya mawe kama lile kubwa na kumvuta mtu mzima. Aliandika michoro na maelezo kwa miaka mingi, na watu wanaifuata hadi sasa. Reli zao zina upana wa inchi 3½, inchi 5 au inchi 7¼. Dereva huketi nyuma juu ya kigari, magoti yakikaribia masikio, naye ameridhika kabisa.

Sasa tuje kwenye moyo wa jambo. Ukitaka kununua garimoshi la namna hiyo, rangi unaiona na magurudumu unayaona. Kitu usichokiona ni boila kwa ndani, na humo ndimo bei ilimo. Humo pia ndimo kifo kilimo.

Boila nzuri ndogo hujengwa kwa shaba nyekundu, na viungo vyake huunganishwa kwa lehemu yenye fedha, ambayo huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 600 kuyeyuka. Lehemu yetu ya kawaida, ile ya risasi na bati tunayozibia madebe, huanza kuyeyuka karibu nyuzi 183. Mvuke wenye presha ya ratili 80 kwa inchi ya mraba tayari una joto la nyuzi kama 160. Maji yakiwa ndani yanalinda ukuta wa boila. Yakipungua, bati linabaki uchi mbele ya moto, lehemu inalainika, kiungo kinaachia. Mvuke uliobanwa ukipata mlango hautoki polepole. Aliye karibu ataungua uso na macho, na mara nyingi aliye karibu ni mtoto aliyekuja kutazama.

Ndiyo maana Waingereza hawaanzi na moto. Boila mpya hujazwa maji baridi hadi hewa yote itoke, kisha hupigwa pampu mpaka presha ifike mara mbili ya ile itakayotumika kazini. Kwa nini maji? Kwa sababu maji hayabanwi. Boila ikishindwa, maji yanavuja tu na fundi anarudi kazini akiwa mzima. Ikipita, ndipo wanawasha moto mbele ya mkaguzi, wanatazama kama vali ya usalama inafungua kwa wakati na kama pampu inaingiza maji. Jaribio la maji hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa, safari hiyo kwa presha ya mara moja na nusu. La mvuke hurudiwa kila mwaka hivi. Mkaguzi anaandika cheti chenye namba, na namba hiyo hiyo imegongwa kwenye boila. Bila cheti, klabu haikuruhusu kuweka garimoshi lako kwenye reli yake.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili akifika anauliza: nani alijenga? Kwa mchoro gani? Boila ilipimwa lini, na cheti kiko wapi? Halafu anaomba liwashwe alione likitembea. Anaweka mkono wake juu ya boila kabla ya moto kuwashwa. Ikiwa tayari ina joto anajiuliza kwa nini muuzaji aliipasha moto mapema, pengine anaficha kitu. Likikosa cheti, anakata bei, kwa sababu boila mpya ya shaba inaweza kugharimu maelfu ya pauni.

Garimoshi lililoachwa nusu huumiza zaidi. Mtu amenunua chuma, magurudumu na michoro, amefanya kazi miaka mitatu, akaugua. Mara nyingi kazi ile huuzwa kwa pesa ndogo kuliko alizonunulia vifaa. Mnunuzi hawezi kujua kama aliyetangulia alipima sawasawa, basi analipia vyuma tu.

Hapo wajane wanapata hasara. Mume alijua kila kitu kichwani na hakuandika. Siku chache baada ya mazishi anakuja rafiki wa marehemu, au mchuuzi, anasema, "Mama, nitakuondolea haya machuma yasikujazie nyumba." Mama anashukuru! Jambo hili tunalijua hata sisi, kwa cherehani, kwa mashine ya kusaga, kwa ng'ombe wa gredi ambaye karatasi zake hazijulikani ziliko.

Mwenye kujua hupeleka kwenye mnada, ila mnada nao una midomo miwili. Tuseme nyundo imegongwa kwa pauni 3,000. Tuseme pia wenye mnada wanamkata muuzaji asilimia 15, yaani 450, na kumwongezea mnunuzi asilimia 20, yaani 600. Mama anapokea pauni 2,550 na mnunuzi analipa 3,600. Pauni 1,050 zimebaki katikati. Si wizi, kwa sababu wenye mnada wanaita wanunuzi wengi mahali pamoja, na mchuuzi wa mlangoni yuko peke yake. Lakini masharti yasomwe kabla ya kutia sahihi.

Na je, Mwingereza anayejenga analipwa saa zake? Hapana. Mtu anayefanya kazi jioni na Jumamosi anaweza kumaliza miaka mingi kwa garimoshi moja. Ukigawanya bei kwa saa alizotumia, utashangaa jinsi senti zilivyo chache. Yeye ana pensheni na anajenga kwa kupenda. Sisi tunaojenga ili mtoto aende shule hatuwezi kuiga hesabu hiyo. Yafaa tuige karatasi zake na upimaji wake.

Tulirudi kwa kikundi na habari hizi. Yule kijana alikubali kuitoboa boila yake matundu mawili makubwa ili mtu yeyote asiweze kuiwasha kamwe. Ilimuuma, tulimwona. Walikubaliana kutengeneza magarimoshi ya kutazama tu, bila moto. Mzee alitumwa Nairobi kwenye Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, akapime kwa kamba garimoshi la Mount Gelai, namba 5918. Ni mojawapo ya yale 34 makubwa ya daraja la 59 yaliyojengwa na Beyer, Peacock kule Manchester kwa ajili ya reli yetu mwaka wa 1955 na 1956. Mzee alirudi na daftari limejaa. Alisema aliwahi kulainisha mafuta magurudumu ya ndugu zake, na kwamba lile la mikebe alilouza halikuwa na magurudumu ya kutosha!

Sasa kila garimoshi lina namba iliyogongwa kwa msumari chini ya tumbo, jina la fundi na mwaka. Kuna daftari la siku za kazi. La kwanza lilichukua siku 22. Walikubaliana siku ya fundi iwe shilingi 500, wakaongeza vifaa vya shilingi 1,400, ikawa 12,400. Wageni wawili wamesikia bei hiyo wakacheka na kwenda zao. Wa tatu aliomba kuona daftari, akakaa akilisoma kwa muda mrefu, kisha akaomba apewe mwezi mmoja atafute pesa. Kikundi kimegawanyika kama wamngoje au washushe bei.

Maswali ya kuzungumzia kikundini: Ninyi mngefanyaje na mgeni huyu? Katika mradi wenu, ni kitu gani ambacho mnunuzi hawezi kukiona, na mnamwonyesha kwa njia gani? Mwenzenu akifariki leo, nani nyumbani kwake anajua thamani ya vifaa vyake na mahali karatasi zilipo?